Chura Asiyetaga

Mama yangu ana mahali pake pa uyoga msituni, juu ya kijiji chetu, kwenye milima ya upande wa Kisanga. Kila mama wa kule ana pake. Wakati wa masika mwanamke hutoka asubuhi na kikapu, hurudi mchana na uyoga uliofunikwa kwa majani ya mgomba, na hakuna mtu mwenye adabu atakayemuuliza ameuchuma wapi. Ukiuliza utajibiwa, "Kulekule," na kidevu kitaelekezwa upande ambao sio. Mama yangu yeye aliongeza jibu la kwake. Wakimbana sana alisema, "Pale penye chura anayezaa."

Watu walicheka wakaenda zao. Hata mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba chura hutaga, mayai yakawa viluwiluwi, viluwiluwi vikaota miguu. Chura anayezaa ni sawa na kuku anayenyonyesha. Kwa hiyo kijijini kwetu maneno hayo yalichukuliwa kuwa njia ya mama ya kufukuza wadaku, na wanawake wenzake wakayapenda, wakawa wanamtania nayo hata kanisani. "Mama, chura wako kajifungua salama?" Naye hujibu, "Salama, mapacha."

Lakini mimi alinieleza mambo hayo jikoni nikiwa msichana, tukiwa wawili tu, wala hakuwa anacheka. Alisema ni kadogo, kanakaa penye mawe yanayotiririka maji, na watoto wake hutoka tumboni wakiwa na miguu yao yote. Nilimwamini kama nilivyomwamini kwenye mambo mengine yote, kisha nikakua, nikaolewa, nikahamia Mikumi, na sikuwa na sababu ya kuwaza vyura.

Mikumi nina mgahawa kando ya barabara kuu. Madereva wa malori wanajua kwamba wali wangu ni laini na ulimi wangu si laini. Nasema hivi mapema ili msomaji asishangae huko mbele. Nimerithi kwa baba hasira za karibu, na ingawa hasira ni hasara, nimeshazizoea hasara zake.

Mwaka jana masika yalipokaribia, kaka yangu alinipigia simu kutoka Kilosa mjini, ambako anauza mahindi, pumba na vyakula vya kuku. Alisema akili ya mama imeanza kumponyoka. Ameacha sufuria motoni mpaka ikatoboka. Ametoka kanisani akapitiliza nyumba yake mwenyewe, jirani akamkuta kule chini mtoni ameketi, anangoja avushwe wakati daraja lipo. Na mara mbili amemuuliza jirani huyohuyo kama baba amesharudi, na baba tulimzika zamani. Kaka alisema mvua zikiisha atakuja na gari amchukue, akakae naye Kilosa.

Niliwaka. Nikamwambia mama hana ugonjwa, ana uzee, na uzee si kosa la mtu kuhamishwa kama gunia. Nikamwambia mama akitolewa shambani kwake na kuwekwa chumba cha uani mjini, asikie kelele za bajaji mchana kutwa, hatamaliza mwaka. Kaka alinisikiliza, kisha akasema kwa upole wake unaoniudhi kuliko matusi, "Wewe uko Mikumi unapika pilau. Mimi ndiye ninayepigiwa simu na majirani." Alikuwa amesema kweli, kwa hiyo nikakata simu.

Siku chache baadaye alinipigia mama mwenyewe, kwa simu ya jirani. Sauti yake ilikuwa nzima kabisa. "Mwanangu, mvua imenyesha vizuri. Njoo nikuonyeshe mahali pangu." Alikuwa hajawahi kunipeleka. Kwetu mama humpeleka binti pale anapoona wakati umefika, na wengine wamekufa bado wanaona haujafika. Nilifurahi kwa namna mbili. Ya kwanza ni furaha ya binti. Ya pili, nikiri, ilikuwa ni ya mtu mwenye kesi aliyepata shahidi. Nilimrudia kaka kwa simu hapohapo, nikamsalimu shikamoo kwa haraka na kumwambia, "Mama ananipeleka kwenye uyoga. Akinifikisha penye huyo chura wake, basi akili anazo, na unamwacha nyumbani kwake."

"Sawa," akasema. "Akikufikisha."

Nilimwachia mgahawa binti yangu, nikaenda.

Mama alinipokea kama siku zote. Shikamoo, marahaba, habari za wajukuu, mbona umekonda, wakati sijakonda tangu nizaliwe. Jioni ile nilimchunguza kama askari. Chumvi aliitia mara moja. Moto aliuzima. Majina ya wajukuu aliyataja yote na akamsema mmoja kwa uvivu, na alikuwa amemsema yuleyule anayestahili. Nililala nimetulia.

Asubuhi tukatoka, yeye na viatu vyake vya yeboyebo na panga fupi, mimi na kikapu. Tulipofika mwisho wa shamba la mwisho, ukingoni mwa msitu, alisimama akanipisha.

Hapa inabidi nieleze desturi yetu. Kwetu anayeonyeshwa ndiye anayetangulia. Mwenye mahali hufuata nyuma, hasemi kitu, haonyeshi kwa kidole. Ukishika njia isiyo, yeye husimama tu. Ukisikia nyayo za nyuma zimekoma, ujue umekosea. Unarudi, unajaribu upande mwingine mpaka uzisikie tena. Mama anasema njia ya kuonyeshwa kwa kidole huisha kidole kikishushwa, bali njia uliyoikosea miguu yako huikumbuka. Mimi niliona ni njia ndefu ya kwenda mahali pafupi, lakini desturi si mgahawa wangu nikaipange nipendavyo.

Nikatangulia. Msitu ulikuwa umelowa, matone yanadondoka kutoka juu ingawa mvua ilikuwa imekatika. Mbega walikuwa wanarukaruka mbali, wakituangushia majani. Penye njia panda ya kwanza nilishika kushoto, na nyayo za mama zikafuata, chwa, chwa, kwenye tope. Penye njia panda ya pili nilishika njia ya chini. Nyayo zikakoma. Nikageuka nikamwona amesimama, mkono kiunoni, uso hauna habari. Nikarudi, nikashika ya juu, na baada ya kidogo akafuata.

Siwezi kueleza furaha niliyopata. Anakumbuka! Nilitamani kaka angekuwepo aone. Nilipanda ule mteremko nikihema na kutunga maneno nitakayomwambia.

Baada ya hapo njia ilikwisha. Ikawa ni miti tu, mizizi na migomba mwitu, na mimi nachagua kwa kubahatisha. Na mama hakusimama tena. Nikipinda kulia, anafuata. Nikipinda kushoto, anafuata. Nikajiambia labda nina bahati, labda damu inajua. Kisha wazo baya likaniingia, nikaamua kumjaribu. Niliacha uwazi mzuri uliokuwa mbele, nikaingia kwa makusudi kwenye kichaka cha miiba ambako hata nguruwe mwitu asingeona sababu ya kupita. Nikasikiliza. Chwa, chwa. Alikuwa anakuja nyuma yangu, anasogeza miiba kwa panga lake, mtulivu.

Nilitoka kichakani na mikwaruzo, na siafu wawili watatu wamenipanda miguuni. Mbele kidogo nyayo zikakoma, nikageuka kwa matumaini, kumbe anamtazama hondohondo aliyetua juu ya tawi. Kimya cha desturi na kimya cha mtu asiyejua alipo vinafanana, na mimi sikuwa na namna ya kuvitenganisha. Nilitaka kumuuliza. Nilijua pia kwamba nikimuuliza, jibu litakuja, na huenda likawa ni lile nisilolitaka.

Mwishowe nikashindwa. "Mama, tuko sawa?"

"Aliyetangulia ni nani?" akasema.

Nikacheka kwa sababu lilikuwa jibu lake kabisa, na nikaogopa kwa sababu halikuwa jibu.

Tuliendelea. Sasa sikuwa natafuta uyoga tena, nilikuwa natafuta mteremko wowote utakaotushusha kijijini kabla ya mvua ya mchana. Ndipo niliposikia maji. Si mto, ni maji membamba yanayojimwaga juu ya jiwe. Nilifikiri nikiyafuata yatanifikisha chini, nikashika upande huo, nikakanyaga jiwe lililofunikwa na vile vimajani laini vinavyoota mahali pasipoona jua, na mguu ukateleza. Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi sikuinama, nilianguka. Nilidondoka kwa magoti, mikono yote miwili ikazama kwenye ule uoto uliolowa, na kikapu kikabingirika.

Kabla sijatukana, kitu kikasogea karibu na kidole gumba changu.

Kilikuwa ni chura. Nasema chura kwa kukosa neno dogo zaidi. Mwili wake wote haukuzidi harage kubwa, rangi ya dhahabu iliyochakaa, miguu myembamba kama uzi wa kushonea, na ubavuni mstari mweusi kama wa wanja. Alikuwa juu ya jani, manyunyu ya maji yanamlowesha, ananitazama bila haraka. Nilishusha pumzi. Pembeni yake, kwenye jani hilohilo, kulikuwa na vitu nilivyodhani ni punje za udongo. Punje moja ikaruka.

Niliinamisha uso mpaka pua ikaloa. Vilikuwa ni vyura. Vidogo kama punje za ulezi, miguu yote minne, bila mkia. Nikatafuta dimbwi, maana lazima kuwe na dimbwi, kuwe na viluwiluwi. Hapakuwa na dimbwi. Maji yalipita juu ya jiwe yakaenda zake, hayakutuama popote. Kwenye jani la pili alikuwepo jike mwingine, tumbo limejaa, ngozi imevutika ikawa nyembamba, na ndani yake, kama mbegu ndani ya nyanya chungu, nikaona vidoadoa vyeusi. Kimoja kilijigeuza.

Nililia. Sikulia kwa ajili ya chura, ingawa alikuwa mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona karibu hivyo. Nililia kwa sababu mama alikuwa amesema kweli miaka yote, mbele ya watu waliokuwa wanacheka, na aliwaacha wacheke.

Nyayo zilikuja zikasimama. Mama alichuchumaa kando yangu, magoti yake yakalia, akanyoosha shingo. Alimtazama yule chura kwa muda. Kisha akatabasamu tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu baba afe, akamsalimu kwa lugha ya nyumbani, salamu ile ya wanawake waliopotezana siku nyingi.

"Ndiye," akaniambia.

Hapo akabadilika. Alisimama, akanipita, akatangulia yeye, desturi ikaishia hapo. Alizunguka jiwe, akapita chini ya mti ulioegemea mwenzake, akapindua tawi kwa panga kama mtu anayefungua pazia la chumba chake. Uyoga ulikuwa umejaa kwenye gogo lililooza, mweupe, mnene, ukoo mzima. Tulichuma tukaacha ule mdogo, kama inavyopasa. Kabla hatujaondoka nilirudi kwa chura na simu yangu nikampiga picha nyingi, nyingi zikiwa za kidole changu.

Picha hizo baadaye zilinisumbua. Kuna dada mmoja mtafiti, anayekuja kula kwangu kila anapokuwa Mikumi, mtu wa kusoma wanyama wadogo. Nilimwonyesha nikidhani nitamfurahisha. Kijiko chake kilisimama hewani. Aliniambia kwamba vyura wa kuzaa wapo duniani wachache mno, na wengi wa hao wachache wako kwenye milima yetu hii, mlima huu una aina yake na mlima ule aina yake, na kwamba yeye mwenyewe alishapanda mara kadhaa akarudi na tope tu. Akaniuliza ni wapi. Nikajikuta namwelekezea kidevu upande wa Malolo, ambao sio, nikasema, "Kulekule." Hajanisamehe mpaka leo, na bado anakula wali wangu.

Lakini siku ile hatukuwa na habari za watafiti. Tulikuwa tumekaa juu ya gogo, kikapu kati yetu, tunakula viazi vya kuchemsha. Mimi nilikuwa na furaha ya kishenzi. Nilimwambia yote: kwamba kaka anataka kumhamisha, kwamba tumewekeana sharti, kwamba sasa ameshinda na hakuna atakayemgusa.

Mama alitafuna akamaliza. "Najua kaka yako anataka nini," akasema. "Mwambie aje anichukue."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Mama, chura yupo. Umekumbuka."

"Chura namkumbuka. Nilimkuta nikiwa na mimba ya kaka yako, nikamwonea huruma, tumbo lake na langu." Alipangusa mikono kwenye kitenge. "Njia ndiyo siikumbuki. Tangu pale mwisho wa shamba nilikuwa sijui tuko wapi. Nilikuwa nakufuata wewe. Nilikuwa naomba Mungu usipotee, maana ungepotea na mimi nisingejua."

"Na pale njia panda? Ulisimama."

"Nilikuwa nahema."

Alinieleza taratibu, kwa sauti ileile anayotumia kueleza namna ya kukausha uyoga. Alisema amekuwa akijua tangu kabla ya majirani. Alisema miaka miwili kabla ya hapo alikuja peke yake, akafika hapa penye maji, na kurudi ikamshinda, akakaa mpaka alipomsikia mtu anakata kuni mbali akaifuata sauti. Hakumwambia mtu. Mwaka uliofuata aliogopa kuja. "Nikiendelea kukaa peke yangu, siku moja nitaingia huku nisitoke," akasema, "na nyinyi mtakuja kunitafuta mahali ambapo hakuna anayepajua. Ndiyo maana nilikuita. Nisingeweza kwenda Kilosa na mahali hapa bado pako kichwani mwangu peke yangu."

Nilikasirika. Nasema ukweli, nilimkasirikia mama yangu pale juu ya gogo, kwa sababu nilipanda mlima kumpigania abaki na yeye alipanda kuja kuaga. Nikamwambia anaweza kuishi na mimi, nitaleta msichana wa kukaa naye, tutaweka uzio, nitafunga mgahawa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akanifuta tope kwenye shavu kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anavyowafuta wajukuu kabla ya kuingia kanisani.

"Kaka yako ana nyumba yenye watu mchana," akasema. "Beba kikapu."

Tulishuka tukifuata maji. Nilitangulia mimi, na mara hii niliweka alama kichwani kwa kila jiwe, kwa kila mti, kwa sababu sasa nilijua hakuna mwingine anayeijua njia ile.

Kuna mgongo wa mlima, juu kidogo ya mashamba, ambapo mtandao unashika. Mama aliketi kwenye nyasi apumzike, na mimi nikasogea pembeni, nikampigia kaka. Alipokea kabla haijaita sawasawa. Hakungoja shikamoo.

"Mmefika?"

"Tumefika," nikasema. "Chura yupo. Nina picha yake. Ana watoto."

Kaka yangu alicheka. Alicheka kicheko ambacho sijakisikia kwake tangu tukiwa wadogo tunaoga mtoni, kicheko cha mtu aliyetua gunia. "Mungu mkubwa," akasema. "Umenishinda. Kumbe yuko mzima! Basi akae, akae kwake, mimi nilikuwa naomba unishinde, dada, usiku na mchana nilikuwa naomba."

Nilimtazama mama. Alikuwa ananitazama, kikapu mapajani, na alijua kabisa nazungumza na nani. Ningeweza kunyamaza. Kaka angeamini, na mama labda angesahau kwamba aliniagiza.

"Kaka," nikasema, "njoo na gari. Amesema mwenyewe uje."

Simu haikukatika. Nilimsikia mteja dukani kwake akiuliza bei ya pumba, akauliza tena, na kaka yangu hakumjibu.